Kuwasha na Kusimamia Ruta ya MikroTik kwa Programu ya WinBox: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Unguja na Pemba

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu anayeishi Unguja huku ruta anayoisimamia iko Pemba. Hiyo ndiyo hali yangu mwenyewe: nahudumia skuli moja ya Wete na nyumba ya wageni moja ya Chake Chake, na makazi yangu ni Mjini. Bahari iliyopo katikati ndiyo inayoamua kazi nzima ifanywe kwa mpangilio gani, kwa sababu kosa la sekunde moja kwenye skrini linaweza kukugharimu tiketi ya boti kutoka Malindi hadi Mkoani, daladala ya kukufikisha unakokwenda, na siku mbili za kazi nyingine zilizolala. Kwa hiyo kila hatua hapa inatanguliwa na swali moja: nikikosea, nitarudi kwa njia gani?

Nimechagua ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia, kwa sababu programu yake ya ndani, RouterOS, ni ile ile katika kiboksi kidogo cha nyumbani na katika mtambo mkubwa wa kampuni. Ukijifunza kimoja umejifunza vyote. WinBox ni programu unayoiweka kwenye kompyuta yako ili uione na kuiamuru ruta. Ipakue kutoka tovuti ya MikroTik yenyewe na si kwengineko, maana programu inayoandikiwa nywila za wateja wako wote haifai kuchukuliwa kwa mtu usiyemjua. Toleo la 4 linafanya kazi katika Windows, macOS na Linux.

Kabla ya umeme

Geuza ruta, upige picha kibandiko kilicho chini yake. Hapo pameandikwa jina la modeli, namba ya utambulisho, anwani ya MAC (namba ya kudumu ya kifaa chenyewe), na katika ruta za miaka ya karibuni, nywila ya kwanza ya kuingilia. Ruta ikishafungwa ukutani darini, kibandiko hicho hakisomeki tena, na bila ya nywila hiyo huingii.

Soma pia volti. Ruta ya modeli ya hAP lite hutumia volti 5 kupitia tundu la micro-USB, lakini hEX ya namba RB750Gr3 hupokea volti 8 hadi 30, na kwa hiyo inaweza kuwashwa moja kwa moja na betri ya volti 12 inayochajiwa na sola, alimradi chanya na hasi zimewekwa mahali pake. Aliyekuwepo Unguja wakati wa giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010 hahitaji kuelezwa kwa nini nalitaja jambo hili mapema. Hata kukatika kwa umeme kwa dakika tano kunatosha kuharibu kazi ya kusasisha programu, kama tutakavyoona. Ikiwa kuna kebo ya shaba inayopita nje kwenda antena ya juu ya paa, iwekee kinga ya radi na waya wa kutia ardhini kabla ya masika. Plagi za nje zizibwe vizuri, kwani upepo wa chumvi huanza kuzila mapema.

Kuingia mara ya kwanza

Washa ruta na usubiri dakika moja au mbili. Chomeka kebo ya mtandao kutoka kwenye kompyuta hadi tundu la pili la ruta. Usitumie tundu la kwanza, kwa sababu katika mpangilio wa kiwandani wa ruta nyingi za nyumbani na ofisi ndogo, tundu la kwanza ni mlango wa kuelekea nje, na ukuta wa moto wa ruta (firewall, yaani kichujio cha mawasiliano) unamkataa yeyote anayejaribu kuisimamia kutokea huko. Mafundi wengi wapya huhangaika hapa na kudhani ruta ni mbovu.

Fungua WinBox na utazame sehemu iliyoandikwa Neighbors. Ruta itajitokeza yenyewe, ikiwa na anwani yake ya IP, yaani namba yake katika mtandao, ambayo kwa kawaida ni 192.168.88.1, pamoja na anwani yake ya MAC. Ukibofya MAC, WinBox itaifikia ruta hata kama haina anwani ya IP kabisa, na hiyo ni neema kubwa pale mpangilio unapovurugika. Kwa kazi ya kawaida, hata hivyo, ingia kwa IP, kwa kuwa mawasiliano yake ni imara zaidi. Kama orodha ni tupu, zima waifai ya kompyuta, ruhusu WinBox katika ukuta wa moto wa Windows, kisha ubadilishe kebo.

Jina la mtumiaji ni admin, na nywila ni ile ya kwenye kibandiko. Ruta za zamani zaidi huja bila ya nywila, na sehemu hiyo huachwa wazi. Mara tu ukiingia, dirisha litakuuliza kuhusu mpangilio wa kiwandani. Uache ulivyo. Kitufe cha Remove Configuration huiacha ruta tupu, bila ya anwani, bila ya ukuta wa moto na bila ya kugawa anwani kwa simu za watu. Kinawafaa wale wanaojua kuyajenga yote hayo upya kwa mkono.

Funga mlango kabla ya kuleta intaneti

Wengi hukimbilia kuunganisha intaneti kwanza, kwa sababu mwenye nyumba amesimama karibu anasubiri. Naomba umwambie asubiri robo saa. Mwaka 2018 uligunduliwa udhaifu katika WinBox uliosajiliwa kwa namba CVE-2018-14847, uliomwezesha mtu wa mbali kusoma faili la watumiaji wa ruta na kupata nywila zao. MikroTik ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huo huo, lakini ruta nyingi duniani hazikusasishwa, na mwaka 2021 ruta za kampuni hiyo zilikutwa ndani ya jeshi la vifaa vilivyotekwa lililoitwa Mēris, likitumika kuzishambulia tovuti kwa wingi wa maombi. Wenye ruta hizo hawakuona dalili yoyote isipokuwa, pengine, intaneti kuwa nzito.

Nenda System, kisha Users, uunde mtumiaji mpya mwenye jina lako mwenyewe katika kundi la full, umpe nywila ndefu. Toka, uingie kwa jina hilo jipya, na pale tu unapohakikisha linafanya kazi ndipo umzime admin. Ukimzima kabla ya kujaribu, unaweza kujifungia nje siku ya kwanza. Nywila hiyo iandikwe pia katika bahasha iliyofungwa, ikae kwa mwalimu mkuu au mwenye nyumba. Fundi naye huumwa, husafiri, na hufa. Skuli isibaki bila ya ufunguo wake.

Baadaye fungua IP, kisha Services. Humo mna milango ya kuingilia ruta: telnet, ftp, www, api, api-ssl, ssh na winbox. Zima yote usiyoitumia. Mimi huacha winbox peke yake, na katika sehemu ya Available From huandika 192.168.88.0/24, maana yake walio ndani ya mtandao huu tu ndio waruhusiwe. Malizia kwa System, kisha Identity, uipe ruta jina linaloeleza mahali ilipo, kama vile Wete-Skuli-Ofisi. Siku utakapokuwa na ruta kumi zote zinazoitwa MikroTik, utaamuru moja ukidhani ni nyengine.

Kuiunganisha na intaneti

Ikiwa mtoa huduma amekupa kifaa chake cha faiba au cha laini ya simu, unganisha kebo kutoka kifaa hicho hadi tundu la kwanza la ruta, kisha utazame IP, DHCP Client. Neno bound likitokea, ruta imepewa anwani. Kama mtoa huduma anatumia PPPoE, yaani kuunganishwa kwa jina na nywila, njia nyepesi ni kutumia Quick Set, uchague PPPoE na uyaandike uliyopewa. Unaweza kuiunda PPPoE kwa mkono kupitia menyu ya PPP, lakini katika hali hiyo usisahau kuingia Interfaces, Interface List, na kuiongeza katika kundi la WAN (upande wa nje). Dalili ya kulisahau jambo hili hubabaisha sana: ruta yenyewe inafika nje bila ya tatizo, lakini simu na kompyuta za wateja hazipati kitu, kwa kuwa kanuni ya kuzibadilishia anwani inalitazama kundi hilo tu.

Kupima, fungua Tools, Ping, na uandike 8.8.8.8. Majibu yakirudi, njia ipo. Halafu ping jina la tovuti yoyote. Namba ikijibu na jina lisijibu, kasoro iko katika DNS (huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba) na si katika laini, na huna haja ya kumpigia simu mtoa huduma.

Rekebisha pia saa. Ruta hizi ndogo hazina betri ya saa, na umeme ukikatika zinaweza kuamka zikidhani ni Januari 1970. Katika System, Clock, weka Africa/Dar_es_Salaam, na katika NTP Client, inayochukua saa sahihi kutoka mtandaoni, washa huduma na uongeze seva ya pool.ntp.org. Bila ya hivyo, kumbukumbu za matukio hazitakusaidia siku ya kutafuta chanzo cha tatizo.

Kusasisha programu

Katika System, Packages, bofya Check For Updates, uchague njia ya stable, na upakue. Ruta itajizima na kujiwasha. Wengi huishia hapo, ilhali kuna nusu ya pili: ingia System, RouterBOARD, ubofye Upgrade, kisha uiwashe upya ruta mara nyengine, ili programu ya kuamshia kifaa nayo iende sawa na RouterOS mpya. Kazi hii ifanywe ukiwa mbele ya ruta, na umeme wa akiba ukiwa umeunganishwa. Umeme ukikatika katikati, ruta inaweza isiwake tena mpaka irudishiwe programu kwa Netinstall, na Netinstall hutaka kompyuta iliyounganishwa kwa kebo. Mimi sisasishi ruta ya Pemba nikiwa Mjini isipokuwa kuna udhaifu wa usalama usiosubiri, na hata hapo humwomba mtu wa kule akae karibu nayo na kompyuta.

Waifai na kuta za mawe

Ruta za zamani kidogo zina menyu ya Wireless, na mpya zina WiFi. Weka nchi uliyopo, usalama wa WPA2 au wa juu yake, na nywila tofauti kabisa na ile ya kusimamia ruta. Katika masafa ya GHz 2.4, tumia upana wa MHz 20 na chaneli 1, 6 au 11, uchague ile ambayo majirani wanaitumia kidogo.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene kiasi kwamba masafa ya GHz 5 yanaweza kuishia chumba kile kile. Kuongeza nguvu ya antena hakusaidii, kwa sababu simu ya mgeni nayo lazima irudishe sauti yake kupitia ukuta huo huo. Pitisha kebo kupitia ukumbi wa ngazi au uwanja wa ndani, na uweke kifaa cha waifai katika kila ghorofa. Kwa skuli za Pemba zenye madarasa ya matofali na madirisha wazi, kifaa kimoja hufika mbali zaidi.

Safe Mode

Sasa nafika mahali ambapo ningependa usome polepole. RouterOS haina kitufe cha kuhifadhi. Kila unachobadilisha kinaanza kufanya kazi papo hapo, na kinabaki hata ruta ikizimwa na kuwashwa. Nililijua hilo kwa akili muda mrefu kabla ya kulijua kwa gharama. Alasiri moja, nikiwa Mjini, nilitaka kuzima tundu la nne la ruta ya Wete, nikabofya alama ya kuzima huku mstari uliochaguliwa ukiwa ni ether1, yaani tundu la kwanza lenye intaneti. Dirisha likaganda. Nilimpigia simu mwalimu, naye kwa wema wake aliizima ruta na kuiwasha mara tatu, lakini kila ilipoamka iliamka na agizo langu lile lile. Skuli ilikaa bila ya intaneti hadi nilipofika kwa boti na kulirekebisha kwa mbofyo mmoja.

Kitufe cha Safe Mode kipo juu katika dirisha la WinBox. Ukikibofya kabla ya kuanza kazi, ruta inaweka kumbukumbu ya kila unachobadilisha, na mawasiliano yako yakikatika kabla hujakibofya tena kukitoa, inayarudisha yote kama yalivyokuwa. Inapokuwa imepoteza mawasiliano ghafla, inaweza kuchukua hadi dakika 9 kabla ya kuamua kwamba umepotea, basi vuta subira wala usimwambie mtu azime umeme.

Kuna mipaka mitatu ya kuizingatia. Kumbukumbu hiyo huhifadhi vitendo vichache, takriban 100, kwa hiyo fanya mabadiliko machache, yapime, toa Safe Mode, kisha uiweke tena kwa kundi linalofuata. Pili, inahusu pia mabadiliko yanayofanywa na mtu mwengine aliyeingia wakati huo huo, na kazi yake inaweza kufutika pamoja na yako. Tatu, haiwezi kurudisha nyuma usasishaji wa programu. Mbali na hayo, sijui sababu yoyote ya kuifanyia kazi ruta ya mbali bila ya kuiweka.

Nakala za akiba

Chukua nakala mbili za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya Files, Backup, ambayo hurudishwa kwenye ruta ile ile ilivyokuwa; iwekee nywila, kwa sababu ndani yake mna siri zote. Ya pili ni maandishi: fungua New Terminal na uandike /export file=wete pamoja na tarehe ya siku hiyo. Faili hili linasomeka kwa macho, na ruta ikiungua kwa radi unaweza kulitumia kuijenga modeli nyengine, ukibadilisha majina ya matundu. Elewa kwamba halibebi watumiaji na nywila zao, na katika RouterOS 7 siri nyengine, kama nywila ya waifai, hufichwa mpaka uombe zionyeshwe. Buruta mafaili yote mawili hadi kwenye kompyuta yako. Nakala iliyobaki ndani ya ruta pekee hufa pamoja na ruta.

Kuifikia kutoka ng'ambo

Usiufungue mlango wa WinBox, ambao ni namba 8291, kwa dunia nzima. Tumia njia ya siri (VPN). RouterOS 7 ina WireGuard, aina moja ya njia hiyo, ndani yake, na kama ofisi yako Unguja ina anwani ya IP ya umma, ifanye ruta ya Pemba ipige hodi kwako badala ya wewe kuipigia. Utaratibu huu ndio unaofaa zaidi kwetu, kwa sababu laini nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, basi uko katika hali hiyo na hakuna anayeweza kukufikia moja kwa moja kutoka nje. Weka Persistent Keepalive ya sekunde 25 upande wa Pemba, ili njia isifungwe kwa ukimya. Ongeza mtandao wa WireGuard katika kundi la LAN (upande wa ndani) na katika Available From ya winbox, la sivyo utakuwa umejenga daraja linaloishia ukutani.

Kama huna anwani ya umma popote, tazama Back To Home katika IP, Cloud. Hufanya kazi kwa ruta zenye chipu za ARM, ARM64 au TILE, na pale ruta isipofikika moja kwa moja, hupitisha mawasiliano kupitia seva za MikroTik. Kwa nyumba ya wageni yenye ruta moja, mimi huanza na hii.

Usimamizi wa kila wiki

Kwa siku za kawaida, mambo machache yanatosha. IP, DHCP Server, Leases hukuonyesha nani yumo ndani. Log hueleza lini laini ilikatika. Torch, ndani ya Tools, hukuonyesha ni kifaa kipi kinachomeza intaneti yote kwa wakati huo. Ukitaka kugawa kasi kwa haki, tumia Queues, lakini kwanza izime kanuni ya FastTrack iliyomo katika IP, Firewall. Kanuni hiyo hupitisha data kwa njia ya mkato isiyopita kwenye foleni, na mafundi wengi huweka mipaka mizuri ya kasi ambayo haimzuii mtu yeyote, wasijue sababu.

Siku ya kuondoka

Kabla ya kupanda daladala ya kurudi Mkoani, toa plagi ya ruta ukutani, uhesabu hadi thelathini, uichomeke. Ikishaamka, zima waifai ya simu yako, iunganishe kompyuta na intaneti ya bando la simu, na ujaribu kuingia kwa njia ya siri kana kwamba tayari uko Unguja. Hakikisha saa ni sahihi. Washa Safe Mode, badilisha kitu kidogo kisicho na madhara, kama maelezo ya tundu moja, kisha ukate bando ghafla na usubiri dakika kumi. Ingia tena. Ukikuta maelezo yamerudi kama yalivyokuwa, mwachie mwalimu bahasha yake, na uende bandarini.